Amepewa asilimia 10 ya masikio, goti limekataliwa: rufaa ianzie wapi?

Swali: Assalaam aleikum, mtaalamu. Ninaandika kutoka Makorora, Tanga. Mume wangu aliingia jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2011 kwa ule mpango wa kuchukua wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo, akatoka kwa heshima mwaka 2016. Mwaka 2013, wakiwa mazoezini, alianguka kutoka nyuma ya lori akaumia goti la kulia. Tulirudi nyumbani mwaka 2019. Alipoomba mafao ya ulemavu walimpa asilimia 10 kwa mlio wa masikio, wakakataa goti na mgongo. Barua ni ya tarehe 3 Oktoba mwaka jana. Rafiki yake anatuambia tukimbilie kwenye Bodi, kwa majaji. Mtu mwingine tuliyempata kwa simu anataka dola 400 kwanza na theluthi ya malipo baadaye. Mume wangu mwenyewe amekata tamaa na anaogopa kwamba tukidai zaidi watamnyang'anya hata hiyo 10. Nimekuambatishia nakala ya barua, karatasi zake nyingine na maelezo yangu marefu zaidi. Tufanye nini?

Jibu: Waalaikumu salaam, dada. Nimeisoma barua mwanzo hadi mwisho, na jambo la kwanza ninaloomba umwambie mumeo ni kwamba goti lake limekataliwa kwa sababu moja tu, na sababu hiyo inajibika. Wengi wakipokea barua za namna hii husoma ukurasa wa kwanza, hukutana na neno la kukataliwa, wakaikunja na kuitia kabatini. Ukurasa wa kwanza hutoa uamuzi. Sababu ziko ndani, na rufaa hujengwa juu ya sababu.

Tazama sehemu inayotaja mambo yaliyokubaliwa kwa faida ya mwombaji. Sehemu hiyo haikuwekwa kwa hisani. Sheria ya kurekebisha rufaa za wanajeshi wa zamani, iliyotiwa saini Agosti 2017 na kuanza kutumika tarehe 19 Februari 2019, inailazimisha Idara ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani, hiyo inayoitwa VA, kuyaandika mambo hayo waziwazi, na yakishaandikwa humfunga kila afisa atakayelishika faili baadaye, isipokuwa ithibitike kwamba yalitokana na kosa la wazi lisilo na ubishi. Kwa goti la mumeo wamekubali mambo mawili: kwamba leo hii ana ugonjwa wa kulika kwa gegedu, ule mfupa laini wa kwenye maungio, katika goti la kulia, na kwamba mwaka 2013 alianguka kutoka kwenye lori akatibiwa. Hayo hamna haja ya kuyapigania tena, na ninawasihi msipoteze hata aya moja kuyaeleza upya.

Dai la ulemavu wa jeshini hukaa juu ya mafiga matatu: ugonjwa uliopo sasa, tukio au jeraha la wakati wa utumishi, na kiungo cha kitabibu kinachoonyesha kwamba hilo la kwanza limetokana na hilo la pili. Figa lililokosekana kwenu ni la tatu. Daktari aliyempima kwa niaba ya Idara ameandika kwamba hakuna kumbukumbu za matibabu ya goti kati ya mwaka 2014 na 2020, na kutokana na ukimya huo akahitimisha kwamba uhusiano haupo. Hoja yake yote ni mistari minne. Hakumuuliza mumeo kwa nini hakwenda hospitali, wala hakueleza ni kitu gani kingine kingelila goti moja la mwanamume wa umri wake na kuliacha la pili likiwa zima.

Kwa hiyo swali la njia ipi ya kufuata linajibiwa na kile kinachokosekana, wala si na ukubwa wa ofisi. Sheria inatoa njia tatu. Ya kwanza ni Maombi ya Nyongeza, kwa Fomu 20-0995, ambayo hudai ushahidi mpya unaohusiana na jambo lililokataliwa. Ya pili ni Mapitio ya Ngazi ya Juu, kwa Fomu 20-0996, ambapo afisa mwandamizi hulisoma faili upya kama lilivyokuwa siku ya uamuzi, bila kupokea karatasi mpya hata moja, ingawa mnaweza kuomba mazungumzo ya simu ili kumwonyesha kosa lilipo. Ya tatu ni Rufaa ya Bodi, kwa Fomu 10182, mbele ya jaji wa masuala ya wanajeshi wa zamani, nayo ina foleni zake tatu: ya kusomewa faili tu, ya kuongeza ushahidi ndani ya siku 90, na ya kusikilizwa ana kwa ana au kwa video.

Rafiki wa mumeo hakosei anaposema kwamba Bodi ina majaji. Ila jaji naye akilifungua faili hili atakuta mafiga mawili na nafasi iliyo wazi, na atahitaji kitu kilekile ambacho afisa wa chini alikikosa, yaani maoni ya daktari yenye hoja. Idara imejiwekea lengo la siku 125 kwa njia mbili za kwanza, wakati Bodi imejiwekea lengo la siku 365 hata kwa foleni yake iliyo fupi, ile ya kusomewa faili tu, na foleni mbili nyingine huchukua muda mrefu zaidi ya huo. Sioni sababu ya kusubiri mwaka au zaidi ili kuambiwa mlete barua ambayo mngeweza kuileta mwezi huu. Maombi ya Nyongeza ndiyo njia yenu kwa sasa. Yakikataliwa, Mapitio ya Ngazi ya Juu na Bodi zote zitakuwa bado wazi kwenu, ndani ya mwaka mmoja wa uamuzi huo mpya.

Kama mngekuwa hamna daktari wa kuandika chochote, ningewashauri vingine. Ningewapeleka kwenye Mapitio ya Ngazi ya Juu kwa hoja kwamba kipimo chenyewe hakikukidhi haja, kwa kuwa daktari anayetegemea ukimya wa kumbukumbu peke yake, bila kuyapima maneno ya mgonjwa, huwa hajatoa maoni yanayotosha kuamulia. Afisa akikubali, hulirudisha faili ili kipimo kifanyike upya, kwa maana Idara ina wajibu wa kumsaidia mwombaji kukusanya ushahidi. Iwekeni akiba hoja hiyo.

Sasa tuje kwenye barua ya daktari. Umeandika kwamba mumeo anatibiwa Hospitali ya Bombo na daktari wa mifupa anamfahamu. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, barua za daktari nyingi nilizozipokea zilikuwa hazifai kitu, na madaktari wenyewe hawakuwa na kosa: mgonjwa alikwenda akaomba barua ya kuonyesha kwamba anaumwa goti, naye daktari akaandika kwamba anaumwa goti. Hilo Idara imeshalikubali. Mnachokihitaji ni kurasa moja au mbili zinazoanza kwa kusema daktari huyo ni nani na amesomea nini, kwamba amezisoma kumbukumbu za jeshini za mwaka 2013 pamoja na picha za eksirei za sasa, na kwamba kwa maoni yake uwezekano wa ugonjwa huu kutokana na anguko lile ni angalau nusu kwa nusu. Hicho ndicho kipimo cha sheria. Haihitajiki hakika, na daktari mwangalifu anayeogopa kuandika neno la uhakika ataona wepesi akilielewa hilo. Mizani ikilingana pande zote mbili, sheria inamtaka mwamuzi ampe mwombaji manufaa ya shaka.

Baada ya maoni hayo ndipo inapokuja sehemu yenye uzito kuliko zote, nayo ni kwa nini. Daktari aeleze kwamba jeraha la ndani ya goti huweza kulika polepole kwa miaka bila mtu kulazwa, kwamba goti la kushoto halina dalili hizo, kwamba hakuna ajali nyingine katika historia ya mgonjwa, na kwamba kijana aliyepewa dawa za maumivu na kurudishwa kazini anaweza kabisa kukaa miaka sita bila kwenda tena hospitali. Ayaeleze hayo ikiwa ndivyo anavyoamini, kwa lugha yake mwenyewe, msimwandikie. Mahakama za huko zimeshasema kwamba thamani ya maoni ya daktari iko katika hoja zake, na mwamuzi hupima maoni mawili yanayopingana kwa kuangalia lipi limejieleza. Mistari minne ya daktari wao si kikwazo kikubwa mbele ya kurasa mbili zilizofikiriwa vizuri.

Ili daktari aseme kweli kwamba amezisoma kumbukumbu, lazima mmpelekee. Mumeo ajaze Fomu 20-10206 aombe nakala ya faili lake lote, pamoja na ripoti ya kipimo cha Idara. Wakati mkisubiri, pekueni nyumbani. Miaka michache iliyopita nilikaa barazani na mzee mmoja wa Bagamoyo aliyekuwa ameshakataliwa mara mbili. Mkewe akatoka ndani na kopo la majani ya chai lililojaa karatasi, na katikati yake mlikuwa na kipande cha nusu ukurasa, wino umefifia na kuwa rangi ya udongo, chenye tarehe, saini ya mhudumu wa afya wa kikosi na amri kwamba askari huyu asikimbie wala asibebe mzigo kwa siku 14. Yule mzee alikitunza kwa sababu kilikuwa na jina lake lililopigwa chapa vizuri. Nakala yake haikuwamo katika faili la Idara, na ndicho kilichofungua upya dai lake. Kwenu tukio la 2013 limekubaliwa, lakini karatasi yoyote ya 2014 hadi 2016, hata ya kusamehewa mbio tu, itauziba ule ukimya ambao daktari wao aliuegemea.

Ukimya huo unazibwa pia na watu, na hapa, dada, ninakuhitaji wewe. Umeniandikia, kama kwa bahati tu, kwamba mumeo aliacha kuendesha baiskeli mwaka uleule mliorudi Tanga, mji ambao kila mtu anapanda baiskeli, na kwamba msikitini anaswali juu ya kiti, kwa kuwa goti halikunji akasujudu. Katika karatasi zote ulizonitumia sijaona ushahidi ulio bora kuliko sentensi hizo mbili, na hakuna aliyeuweka katika faili. Mtu asiye daktari hawezi kusema ugonjwa unaitwaje wala umesababishwa na nini, lakini anaruhusiwa kabisa kueleza alichokiona kwa macho yake, na mwamuzi hana ruhusa ya kuyatupa maneno hayo kwa sababu tu hayana cheti cha hospitali nyuma yake.

Chukueni Fomu 21-10210, kila shahidi na yake. Wewe eleza ulichokiona tangu mlipooana: alivyokuwa akishuka ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja, usiku alioamka kulikanda goti, dawa alizonunua dukani bila kwenda hospitali, na sababu ya kutokwenda. Imamu au jirani yake wa safu aeleze ni lini alimwona kwa mara ya kwanza akiomba kiti, na kabla ya hapo alikuwa akiswali vipi. Anayefanya naye kazi pale dukani Ngamiani aeleze ni kazi zipi alizoziacha. Askari mwenzake aliyekuwa kwenye lori lile, kama bado wanawasiliana, asiachwe. Kila mmoja aandike miaka na mambo aliyoyaona, asiingie kwenye kusifu wala kulalamika. Wakiandika kwa Kiswahili, ambatisheni tafsiri ya Kiingereza yenye jina na saini ya mtafsiri.

Kuhusu mgongo, dai liliandikwa kwa namna iliyokuwa lazima ishindwe. Aliomba kana kwamba mgongo uliumia jeshini, na kumbukumbu za jeshini hazina mgongo popote. Lakini maelezo yako ni mengine: mgongo ulianza baada ya miaka ya kuchechemea. Sheria inautambua ulemavu unaozaliwa na ulemavu mwingine, au unaozidishwa nao, na humo ndimo dai hili lilipaswa kuingia tangu mwanzo. Daktari yuleyule aulizwe maswali mawili tofauti, moja kama mwendo mbovu wa goti ndio uliosababisha maumivu ya mgongo, na jingine kama umeyazidisha, na ajibu yote mawili, kwa kuwa barua nyingi hujibu la kwanza na kulisahau la pili. Kwa kuwa mgongo umeshakataliwa mara moja, nao utapita kwenye Maombi ya Nyongeza. Mgongo utasubiri goti likubaliwe, kwa hiyo yote mawili yaende pamoja.

Masikio yaacheni. Asilimia 10 ndiyo kiwango cha juu kabisa kwa mlio wa masikio, uwe katika sikio moja au yote mawili, na rufaa haitaongeza kitu. Akiona kwamba usikivu wenyewe unapungua, hilo ni dai lingine jipya, la siku nyingine.

Hofu ya kunyang'anywa ninaielewa, na ninaisikia karibu kila wiki. Kiwango kilichokwisha kutolewa hakifutwi kimyakimya kwa sababu mtu amedai kingine. Ili Idara ipunguze malipo anayoyapata mtu, lazima kwanza imwandikie pendekezo na sababu zake, impe siku 60 za kuleta ushahidi na siku 30 za kuomba kusikilizwa. Zaidi ya hayo, hakuna anayeligusa sikio kwa sababu ya kulisoma goti. Tena kuishi Tanga hakumpunguzii mumeo haki hii. Fidia ya ulemavu wa jeshini hulipwa popote mtu anapoishi.

Mumeo anaweza kuuliza kama usumbufu huu wote una faida, ikiwa huenda goti likapewa asilimia 10 tu. Nitamjibu kwa hesabu. Asilimia hizi hazijumlishwi kama tunavyojumlisha sokoni. Kila ulemavu hukatwa kwenye kile kilichobaki cha uzima. Kwa mfano, mtu mwenye 20 ya mgongo, 10 ya goti na 10 ya masikio hubakiwa na 80, kisha 72, kisha karibu 65, kwa hiyo ulemavu wake ni 35, nayo hupandishwa kuwa 40. Siwezi kukuahidi tarakimu hizo, lakini kuanzia asilimia 30 malipo huongezwa kwa ajili ya mke na watoto. Vilevile, hata goti likikubaliwa kwa asilimia sifuri, hapo hajakataliwa. Ulemavu ukishatambuliwa kuwa wa jeshini, upo mpango wa matibabu ya nje ya nchi unaogharamia tiba ya ulemavu huohuo, na bili za goti mnazozilipa leo kutoka mfukoni zinaweza kudaiwa huko.

Mtu wa dola 400 mwambieni hapana. Kwa sheria za Marekani, anayetoza fedha kwa kushughulikia madai haya lazima awe wakili au wakala aliyeidhinishwa na Idara yenyewe, na ada huhesabiwa kuwa ya haki isipozidi asilimia 20 ya malimbikizo, huku inayopita theluthi moja ikihesabiwa kuwa si ya haki. Mwulizeni jina lake limo katika orodha ya walioidhinishwa? Nina hakika mazungumzo yatakuwa mafupi. Vyama vya wanajeshi wa zamani kama American Legion na Disabled American Veterans huwakilisha watu bila malipo yoyote. Mumeo atajaza Fomu 21-22 kumteua mmojawapo.

Limebaki suala la siku. Mwaka mmoja huhesabiwa kuanzia tarehe iliyo juu ya barua, yaani 3 Oktoba, wala si siku barua ilipotoka kwenye sanduku la posta la Tanga. Mmebakiza wiki kama kumi na moja. Mkiwasilisha ndani ya muda huo, na goti likakubaliwa, malipo yatarudi nyuma hadi tarehe ya maombi ya kwanza. Mkichelewa hata siku moja, mlango wa Maombi ya Nyongeza haufungwi, ila kwa kawaida hesabu itaanza siku mtakayowasilisha upya, na miezi yote ya nyuma itakuwa imepotea. Msitegemee posta. Mumeo mwenyewe awasilishe kupitia akaunti yake ya mtandaoni, kisha mhifadhi uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe, mkiuchapa na kuuweka pamoja na barua. Ninapendekeza fomu iingie si baada ya wiki ya sita, hata kama shahidi mmoja bado hajaandika.

Huenda akaitwa kupimwa tena. Aende, popote atakapopangiwa, na kama siku haiwezekani aombe ibadilishwe mapema na kwa maandishi, kwa sababu kutokwenda bila udhuru kunaweza kulifanya dai lenyewe likataliwe. Goti litapimwa kwa nyuzi, kwa kifaa kama bikari. Mguu ukikunjika hadi nyuzi 45 tu ni asilimia 10, ukikomea 30 ni asilimia 20. Na hata unaokunjika zaidi ya hapo, kama mwendo wake una maumivu, una haki ya kiwango cha chini kinacholipwa. Ninamjua mwanajeshi: ataambiwa kunja, naye atakunja hadi mwisho huku akiuma meno. Asifanye hivyo. Aseme pale maumivu yanapoanza, aeleze na hali ya siku mbaya, zile ambazo wewe unamletea maji ya kutawadha kitandani, hata kama siku ya kipimo ameamka salama. Akirudi aandike jioni ileile kipimo kilichukua dakika ngapi na aliulizwa nini, kisha aombe nakala ya ripoti. Barua mpya ikifika, anzeni kwenye mambo yaliyokubaliwa, halafu tazameni tarehe iliyo juu yake, kwa kuwa mwaka mwingine utakuwa umeanza kuhesabiwa hapo.